Paka wa Apolonia Mbele ya Mkwe

Apolonia hakuwahi kumpenda paka. Alimfuga kwa sababu panya walikuwa wanatoboa magunia yake ya mchele, basi. Kila kitu cha mnyama yule kilimtia kinyaa: manyoya kwenye kanga, ulimi unaotoka kulamba makalio na kurukia sahani, na ule mtindo wa kumwachia panya asiye na kichwa pale pale anaposhusha miguu akiamka. Akamwita Mpangaji.

Lakini mtu humchunguza anayemchukia kuliko anayempenda. Akiwa dukani kwake pale Bariadi, mjane huyu alijua mkia uliosimama wima, ncha imepinda, ni salamu ya mwenye njaa. Mkia ukivimba, mbwa amepita. Masikio yakilala nyuma, ondoa mkono. Mpangaji akimtazama na kufumba macho polepole, ametulia na anamwamini. Apolonia aligeuza uso, hakutaka kuaminiwa na kitu kinachotapika mafundo ya nywele mkekani.

Msimu wa kuvuna pamba, Mpangaji akaanza kulia, sauti ndefu ya mtoto aliyetelekezwa. Mchana kutwa alikuwa mlangoni kwa jirani, ajuza aliyeitwa Mama Josia, akigaragara, kifua chini, matako juu, mkia kaupeleka upande. Darini kwa ajuza huyo lilikaa dume lenye sikio lililochanika. Apolonia aliona, akatema mate, akaendelea kufagia.

Majirani waliona mengine. Dastan, ambaye mwanawe alikuwa na homa, alisema paka analia kwa sauti ya mtoto wake, na Mama Josia ndiye anayemtuma kumroga. Wengine wakakumbuka macho ya bibi yule, mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yake yote. Huku maneno ya namna hiyo hayaishii mdomoni. Wako vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho kama hayo.

Kikao kikakaa uani kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Shigela, baba wa marehemu mume wa Apolonia. Mbele ya mkwe huyo Apolonia hakuwahi hata kutaja neno mimba. Hupiga goti, husalimia, huondoka. Mambo ya chumbani hayatamkwi mbele ya baba mkwe, hata yakiwa ya mbuzi.

Mama Josia aliketishwa peke yake.

"Mwangaluka, mayu," Apolonia alimsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, na jambo hilo lilimchefua kuliko panya wote aliowahi kuwakanyaga.

"Aseme anamtuma nini huyo paka," alisema Dastan. Nyuma yake vijana waliguna, mmoja ana panga mkononi.

Apolonia akasimama. "Baba, niwie radhi. Paka ni wangu, hajatumwa na mtu."

"Sasa pale analilia nini?" aliuliza Mzee Shigela.

Apolonia alitazama vumbi. "Anataka dume, baba."

Mzee akainamisha kichwa.

"Mbele ya mkwe," alisema Dastan. "Mwanamke hana haya huyu."

"Haya ninayo. Ndiyo maana nilinyamaza, na ninyi mmefika mpaka kushika panga."

Akapiga magoti. Akashusha kifua mpaka viwiko vikagusa vumbi, akainua kiuno, akalia kama Mpangaji, mlio mrefu wa kuchukiza, huku machozi ya aibu yakimtoka. Alipolia mara ya pili, dume la sikio lililochanika likatokea juu ya ukuta, likaitika, likawa linatafuta jike liko wapi.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Yule wa panga akalificha nyuma ya mguu.

"Mayu, nenda kapumzike nyumbani," mzee alimwambia Mama Josia. Apolonia, mzee hakumtazama. Tangu siku ile hapokei hata maji mkononi mwake.

Mpangaji alizalia kwa Mama Josia, chini ya kitanda. Mtoto wa Dastan alipona kwa dawa za malaria, na baba yake akaja dukani akitabasamu, anaomba paka mmoja, panya wanamaliza mahindi.

Apolonia alimtazama. Angekuwa paka, masikio yangelala nyuma.

"Wako kwa Mama Josia," alisema. "Nenda kapige hodi umwombe."

Mpaka leo panya wanakula mahindi ya Dastan.