Swali la Mara ya Tatu

Asubuhi ile Saima Trezise alioka pasti mbili, mikate ya kukunja yenye nyama na viazi ndani, moja yenye karoti na moja isiyo nayo. Kwenye ile isiyo na karoti akachora herufi V kwa ncha ya kisu kabla haijaingia ovenini, wasije wakagombana njiani. V ilikuwa ya wifi yake, Verna. Ukoo wa Verna ulitoka Cornwall, Uingereza, enzi za migodi ya shaba, na watu wa Cornwall wana hakika kwamba anayetia karoti kwenye pasti hakulelewa. Saima alikuwa Mfini, na Wafini wa huku juu Michigan hutia karoti, tena nyingi. Ugomvi huo ulianza Saima alipoolewa na Wilf, kaka yake Verna. Wilf alipofariki ukaendelea, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuacha.

Verna alikuja na gari lake akapiga honi kidogo tu, kama kawaida yake. Saima alikuwa ameacha kuendesha tangu macho yalipoanza kumsaliti. Kila mwisho wa Agosti walifanya safari hii: maporomoko ya Bond kwanza, halafu Agate, halafu Canyon, wakipumzika kwenye bustani za kando ya barabara, zile zenye meza nzito za mbao na pampu ya maji ya mkono. Saima alipanda, akaweka kikapu mapajani, akakishika kwa mikono miwili.

Safari ya mwaka huu ilikuwa na neno. Nyumba ya Saima ilikuwa imeshauzwa. Ngazi zilikuwa zimemshinda, na theluji nayo ilikuwa imemshinda, na Jumapili mwanawe Dale angekuja kumchukua akaishi naye Arizona, kwenye jua na mchanga. Saima hakutaka Arizona. Alitaka kuhamia kwa Verna, nyumba ile ya rangi ya kijani nyuma ya kanisa, na alitaka Verna amwombe. Tatizo ni kwamba Verna alishamwomba, naye Saima akakataa.

Msimcheke. Kwa Wafini wetu, ukikaribishwa kahawa mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unamwambia mwenyeji asijisumbue. Mara ya tatu ndipo unasema haya basi, tone tu, kisha unaketi na kumaliza birika zima. Anayekubali mara ya kwanza huonekana mlafi, na watu humkumbuka hivyo mpaka anazikwa. Majibu mawili ya kwanza ni adabu, la tatu ndilo jibu. Sikukuu ya Pasaka Verna alisema kile chumba cha juu kiko wazi, Saima akasema hawezi kumsumbua. Akarudi nyumbani akiwa na furaha, akasubiri mara ya pili.

Mara ya pili haikuja. Ikaja simu ya Dale. Dale alilelewa huku na anajua mila, lakini ameishi mbali na ana haraka, basi akamwambia mama yake njoo ukae kwetu, njoo mama, nakuambia njoo, zote tatu kwa pumzi moja. Saima akajikuta amesema haya basi. Alipoweka simu chini aliketi jikoni muda mrefu, hasira zote zikiwa juu yake mwenyewe.

Bond palikuwa vilevile. Maji ya huku yana rangi ya chai iliyokolea, kwa sababu hupitia kwenye mizizi na mabwawa, na yakianguka yanatoa povu jeupe linalozunguka chini. Saima alishika reli ya daraja la mbao akayatazama kwa macho yake mabovu, na pale asipoona aliongezea mwenyewe. Alimwona Dale akirukaruka juu ya mawe na suruali imelowa mpaka kiunoni. Alimwona Wilf amembeba mtoto mabegani, kofia nyuma ya kichwa, akiimba vibaya. Alimkumbuka Wilf akamtamani, hapohapo, mchana kweupe, baada ya miaka yote hiyo.

Maana hapo ndipo Wilf alipomposa. Alikuwa kijana wa idara ya barabara, kazi yake kukata nyasi na kupaka rangi meza za bustani hizohizo, na Jumapili moja alimleta Saima hapa akamwuliza kama atakubali kuolewa naye. Saima alikuwa amelingoja neno hilo tangu majira ya baridi, akajibu kama alivyofundishwa kwao: hapana, asante. Wilf akavaa kofia yake, akamrudisha nyumbani, na hakuonekana tena. Saima akakonda. Mwishowe mzee Kalle Pelkonen, baba yake, akambana mpaka Saima akamweleza, na mzee akawasha lori akaenda kumtafuta kijana kazini.

"Umemwuliza mara ngapi?"

"Mara moja, mzee. Alikataa."

"Mara moja! Kijana, unaposa mke au unauliza saa?"

Wilf alipenda kuisimulia hadithi hiyo kila Krismasi, na kila mwaka lori la mzee Kalle lilizidi kuwa bovu. Jumapili iliyofuata alimpeleka Saima Agate, akamwuliza tena chini ya daraja la reli, akipiga kelele kwa sababu ya maji. Saima akapiga kelele pia kwamba asijisumbue. Safari hii kijana alicheka. Wakaendelea mpaka bustani ya Canyon, na pale kwenye pampu, akisukuma mpini na maji yakimrukia viatu vyake vya kanisani, akamwuliza mara ya tatu. Saima akasema, "Haya basi." Ndiyo maana safari ikawa ya kila mwaka, kwanza wawili, baadaye na Dale, baadaye na Verna kiti cha nyuma akichambua karoti.

"Nimeitoa cherehani kwenye kile chumba cha chini," Verna alisema ghafla, akiwa anatazama maji. "Hakuna ngazi hata moja mle. Dirisha linaangalia ile mibetula ya magome meupe. Ungekaa mle, wifi."

Saima akaishika reli kwa nguvu. Kwa hiyo hajachelewa. Angeweza kukubali hapohapo, na ninyi mngekubali. Lakini midomo yake ilikuwa imefundishwa kabla yake.

"Cherehani utaiweka wapi? Usijisumbue, wifi."

Verna akatikisa kichwa taratibu, akafunga zipu ya koti lake, akasema waende kabla mbu hawajaamka. Saima alimfuata akiwa mwepesi. Imebaki moja tu, alijiambia.

Wakafika Agate, wakashuka njia ya mawe wameshikana mikono, wakasimama chini ya daraja. Verna alizungumzia jino lake. Njiani kuelekea mashariki alizungumzia mchungaji mpya anayehubiri kwa kusoma, na jirani aliyekata mti ambao haukuwa wake. Saima akajaribu kumsogezea. Alisema amesikia Arizona hakuna mto wenye maji. Alisema dirisha linaloangalia mibetula ni kitu kizuri, hasa vuli. Alisema hata Dale hangekasirika mtu akibadili mawazo, ni mtoto mwelewa. Kila alilosema lilipokewa kwa mguno.

"Wanasema joto linafaa kwa magoti," Verna alisema mwishowe.

Hilo lilimkata Saima maini. Alitazama nje, misonobari ikipita, na akafika kwa mara ya kwanza kwenye wazo ambalo hakulitaka: kwamba labda Verna aliuliza kwa ajili ya Wilf tu, akauliza mara mbili ili asilaumiwe, na sasa ameshapumua.

Katika bustani ya Canyon hapakuwa na gari jingine. Walikwenda kwenye meza yao, ile iliyo karibu na pampu. Wilf alikuwa ameipaka rangi mara nyingi kiasi kwamba kingo zake zilikuwa mviringo kwa unene wa rangi, na waliokuja baada yake walikuwa wameendelea kupaka juu ya rangi yake. Sauti ya mto ilisikika kutoka msituni. Hawakwenda kuutazama; mwaka huu njia ile ilikuwa ndefu kwao wote wawili, na hakuna aliyetaka kulisema. Verna alisukuma pampu, ikakohoa, ikatapika kutu, kisha ikatoa maji baridi ya kuuma meno. Walikunywa. Walikula pasti zao. Verna alipata kipande cha karoti kilichopotea njia, akakiweka ukingoni mwa karatasi, akamtazama Saima bila kusema kitu. Siku nyingine angesema.

Saima akakata nisu, mkate mtamu wa iliki, na Verna akafungua themosi.

"Kahawa, wifi?"

"Hapana, asante."

"Kidogo tu?"

"Usijisumbue."

Ilikuwa zamu ya mara ya tatu. Tangu Saima alipoolewa, Verna hakuwahi kuiruka hata siku moja. Alikuwa akiitoa huku akizungusha macho na kumwita wifi yake mwigizaji, lakini aliitoa. Sasa aliishika themosi juu ya kikombe kitupu, na mkono ukasita hapo. Kisha akaishusha. Akachukua kifuniko, akaanza kukifunga.

Saima aliona mkono ule. Alichokifanya baada ya hapo hakuna Pelkonen aliyewahi kukifanya, na mama yake angekuwa hai angemtoa mezani. Alisukuma kikombe chake mbele.

"Nimiminie."

Verna alikodoa macho. "Sijakuuliza."

"Najua hujaniuliza. Mbona hujaniuliza?"

Verna aliweka themosi chini. Alianza kukusanya makombo ya mkate kwa ncha ya kidole, akayapanga, akayatawanya tena.

"Unadhani mimi sizijui adabu zenu?" alisema. "Pasaka ulikataa, nikasema ni mambo yenu. Leo umekataa, nikasema ni mambo yenu. Lakini ya tatu mkikataa, mmekataa. Nimeendesha toka Bond nikilitafuta hilo swali mdomoni, ulimi unanigandia. Nikaona bora nisilitoe. Kama sijauliza, hujakataa. Ungekwenda Arizona na mimi ningebaki nimeuliza mara mbili tu."

Saima hakujua kwamba alikuwa analia mpaka alipoona koti lake limelowa.

"Mjinga wewe," alisema.

"Mjinga nani? Nani amekataa mara mbili kitu anachokitaka?"

"Basi niulize."

"Siwezi."

Pampu ilikuwa bado inadondosha tone moja moja juu ya jiwe. Saima akamtazama wifi yake, mwanamke mkorofi mwenye mvi na makombo kidoleni, akamwona ana pua ya Wilf.

"Nakitaka kile chumba cha chini," alisema. "Hujaniuliza. Naomba."

Verna alifuta pua kwa mkono wa koti. Alichukua themosi, akamimina mpaka kahawa ikafurika ikatiririka juu ya rangi ya meza, na wote wawili wakaiacha itiririke.

"Karoti haziingii jikoni kwangu," alisema.

"Zitaingia."

"Na Dale utamwambia nini? Si alikuuliza mara tatu, na ya tatu ukakubali?"

Saima aliinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda la kwanza la kahawa ambayo hakukaribishwa, akaona ni tamu sana.

"Alizisema kwa pumzi moja," alijibu. "Hiyo ni mara moja."