Mtungi Mtumbwini

Zuberi Makokha alikuwa akivusha watu Mto Nzoia kwa mtumbwi, huko Matungu. Friji aliijua kwa kuisikia tu. Maji ya kunywa aliyatia mtungini, akauvisha mtungi gunia lililoloa, na kila alipofika ng'ambo alililowesha tena ili upepo uyapoze.

Ramadhani ya mwaka wa tisini na saba iliangukia kiangazi cha Januari. Wakata miwa walivuka wakiwa hoi, wakanywa, wakashusha pumzi.

"Mzee, mbona wewe hunywi?" mmoja akauliza.

"Nimefunga. Wewe kunywa, wacha maswali," Zuberi akajibu, huku akilimwagia gunia maji.

Adhana ya magharibi ilipolia, aliuinamisha mtungi juu ya kikombe. Hata tone halikudondoka. Akasonya, akafungua thamosi, akafuturu kwa chai iliyomchoma ulimi.