Jiwe la Bustani ya Mjapani

Mimi ni mtu wa soko. Hata sadaka naihesabu mara mbili kabla ya kuitoa. Basi msiniambie nilikuwa nimelewa. Haya yalinipata hapa Kisangani, mchana, sijaonja hata tone.

Mama alikuwa amefariki, na mvua ilikuwa inalisawazisha kaburi lake. Nilitaka jiwe kabla kaburi halijapotea kabisa. Saruji? Zaire ile, saruji ilikuwa ya wakubwa. Mtu akanielekeza nyuma ya villa moja tupu kando ya mto, ambako injinia Mjapani alikuwa amejitengenezea bustani ya kwao: kidimbwi, kidaraja chekundu, na mchanga mweupe uliochanwa mistari kama nywele, mawe yamekaa katikati. Wenyeji wachache sana waliijua.

Mzee mmoja alikuwa anauchana mchanga kwa reki.

“Jambo, papa. Natafuta jiwe ya kaburi ya mama. Bei gani?”

“Jina yake.”

Jina tu? Nilikaribia kucheka. Lakini mimi ni mimi, nikaanza kuvutana naye: nikampa lile la ubatizo, la Kizungu, ambalo serikali ilikuwa imekwisha kutukataza kulitumia.

“Ile hapana, citoyen,” akasema, akiniita raia kama serikali ilivyoagiza. “Leta ile mulimuita nayo ku nyumba.”

Jina halipungui likitajwa, sivyo? Nikalitaja. Akalirudia polepole, kama anayemwita mtu aje kula. Kisha akapita mchangani kunionyesha jiwe, nami nikamfuata. Niaminini: alipokanyaga yeye, mistari haikuvunjika. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Nilipaswa kuliacha. Sikuliacha, lilikuwa jiwe zuri.

Makaburini fundi wa kuandika akachovya brashi kwenye rangi. “Niandike jina gani?”

Nikafungua mdomo. Jina halikuwamo.

“Yaya, unatuchezea?” dada yangu mdogo, anayeniita hivyo mimi mkubwa wake, akafoka. “Jina ya mama!” Akalitaja. Niliona midomo yake ikienda, nikasikia ndege, nikasikia mvua ikija. Jina, hapana. Fundi akaandika, watoto wakasoma kwa sauti. Mimi mpaka leo naona jiwe tupu, bila maandishi.

Kwa hiyo wewe, ukikuta muuzaji anayetaka kitu unachodhani hakina bei, usifurahi. Rudi nyumbani mikono mitupu. Mimi kila Siku ya Wafu nasimama mbele ya jiwe zuri kuliko yote na kuita “mama” tu. Na pale makaburini, mama ni wengi.