Mkono wa Kushukia

Ndugu yangu Lubbert hajawahi kushuka ngazi kama watu wa nchi kavu. Yeye hushuka kinyumenyume, uso kwenye vidato. Tulizaliwa kwenye tishari, meli bapa ya mizigo, na ngazi ya kuingilia chumbani mwetu ilikuwa wima kama ukuta. Tulilala watu saba katika chumba cha hatua nne kwa tatu. Baba alitupanga rafu juu ya rafu kama sahani, na hakuna aliyelalamika. Wanaoniambia leo kwamba nyumba finyu ni mtindo mpya, mimi huwatazama tu.

Alipokuwa na miaka tisa, Lubbert aliacha wazi mfuniko wa shimo la shehena. Evert, kitinda mimba wetu, akatumbukia. Hakufa, ila mguu wake wa kulia haukunyooka tena, na mpaka leo Evert akipita, Lubbert huinamisha macho. Siku ile hakuna aliyempiga. Baba alisema tu, "Umeona," akarudi kwenye usukani. Nadhani fimbo ingekuwa nafuu.

Alikua akawa seremala wa vyumba vya meli, na matishari yalipoanza kuuzwa akawa seremala wa nyumba finyu hapa mjini Dordrecht. Huchukua chumba kimoja kirefu cha kwenda juu, akakigawa viwili: chini jiko na meza, darini kitanda, na ngazi yenye droo ndani ya kila kidato. Akimaliza hufumba macho na kuitembea nyumba nzima, juu na chini. Akigonga kitu, huking'oa akaanza upya. Miaka arobaini na mitatu, hakuna aliyeanguka kwenye kazi yake. Hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu.

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, alikuwa anamalizia nyumba ya Roelien na mumewe Bas, vijana wenye mtoto wa miezi mitano, Tijn. Ilikuwa ghala la zamani, chumba kimoja tu. Mimi nilikwenda kila siku kushona mapazia, kwa hiyo niliyaona yote.

Ukiipanda ngazi, ukuta ulikuwa kulia, na kwenye ukuta huo Lubbert alifunga reli ya mwaloni ya kushikilia, laini kama shavu. Kushoto palibaki wazi, na mlango wa kabati ulifungukia huko.

"Mzee, na huku je?" Bas aliuliza. "Huku mtu anashika nini, hewa?"

"Anashika reli. Mkono mmoja wako, wa kujishikilia; mmoja wa meli, wa kazi."

"Hii si meli."

"Reli ya pili itaziba mlango wa kabati. Unataka kabati au unataka zizi la ng'ombe?"

Bas akanigeukia. "Bibi Hillie, huyu ndugu yako huwa anakosea?"

"Alikosea mara moja," nikasema, na nikajuta papo hapo. Lubbert aliokota patasi yake, akachonga mpaka jioni.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Lubbert alifumba macho, akapanda, akazunguka kitanda, akashuka kinyumenyume bila kugusa hata kikombe. Alipofumbua alikuwa mwekundu kwa furaha. Bas akapiga makofi. Mimi nikaanza kukata keki ya tufaha.

Roelien alikuwa darini akimbadilisha mtoto nepi. "Nakuja na mwenye nyumba!" alituimbia.

Nikainua macho. Alikwisha kushuka vidato vitatu, uso mbele, mtoto mkono wa kushoto. Nimelea watano, na karibu kila mama ninayemjua hubeba kushoto ili wa kulia ufanye kazi. Mkono wake wa kulia ukaenda kutafuta reli. Hapakuwa na kitu. Reli ilikuwa upande wa pili, nyuma ya mtoto. Vidole vikajikunja na kujikunjua hewani.

"Shuka basi, kahawa inapoa," Bas akacheka. Alikuwa hajaona.

"Ngoja, nimhamishe kidogo." Akaanza kumsogeza Tijn mkono wa kulia, upande wa wazi. Mtoto akajikaza mgongo akajirusha nyuma, kama wafanyavyo. Kisigino cha Roelien kikatoka nusu nje ya kidato.

"Usimhamishe!"

Ilikuwa sauti ya Lubbert, na sikuwa nimeisikia hivyo tangu siku ya Evert. Kisha akasema polepole: "Binti. Kaa. Kaa hapo hapo ulipo."

"Siwezi, nateleza."

"Makalio kwanza. Egemea ukuta. Mimi ninakuja."

Bas alitaka kukimbia. Nikamkamata shati, kwa maana ngazi ile haichukui watatu na mbio zingemshtua Roelien. Lubbert alipanda upande wa wazi, mikono yote miwili mbele, bila kugusa reli. Sikuwa nimewahi kumwona akipanda pasipo mkono wa kujishikilia. Akambana Roelien ukutani kwa bega. Roelien akakaa, akilia bila sauti. Tijn akamvua Lubbert miwani.

Lubbert akamchukua mtoto, akaanza kushuka kinyumenyume: mtoto mkono wa kushoto, wa kulia kwenye reli. Katikati akasimama.

"Dada," akaniita. "Mbona reli iko mkono uleule, nikipanda na nikishuka?"

"Kwako. Wewe hugeuki. Wao wanageuka, reli inabaki kushoto."

Aliutazama ule mkono wake, akamalizia vidato.

Kahawa hakunywa. Alimkabidhi Bas mtoto, akang'oa mlango wa kabati alioutengeneza kwa wiki nzima, akaanza kuranda reli ya pili.

"Na kabati je?" Bas akauliza kwa unyonge.

"Hillie atashona pazia."

Saa kumi jioni reli ilikuwa imesimama. Akampa Roelien mfuko wa viazi, kilo saba, uzito wa Tijn, mkono wa kushoto. Alimtaka ashuke nao mara tano. Yeye alisimama chini, macho wazi, akitazama mkono wa kulia wa Roelien tu. Mara ya sita Roelien alishuka na Tijn. Ndipo Lubbert akala keki.

Ile habari ya miaka arobaini na mitatu hajaisema tena. Siku hizi, kabla ya kutoa futi yake ya kupimia, huuliza kwanza: "Mtoto mnambeba mkono gani?" Juzi alimuuliza kapera wa miaka sitini. Yule bwana alidhani anatukanwa. Kisha akafikiri, akasema, "Kikapu cha nguo, kushoto."

Lubbert akaandika.