Kitambi cha Mumewe

Juzi kwenye kliniki moja mjini Wote, pazia la daktari halikufungwa vizuri, nasi wa kwenye benchi tukasikia kesi nzima. Mama mmoja alikuwa amemleta mumewe, mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyofika mifupani, adungwe sindano yake ya kawaida.

"Daktari, nikimpikia muthokoi, ile mahindi na maharagwe yetu, anaacha nusu sahani, na tumbo inakua. Hebu muulize ni nani anampikia."

Mzee akainamia kofia yake. Benchi zima tukamhukumu hapo hapo, maana kwetu kitambi ni ushahidi tosha wa jiko la pili.

Daktari akamwambia akunje mikono kifuani, kisha ainuke kitini. Mzee akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, kiti kikatoa mlio tu.

"Mama, hakuna anayempikia; ugonjwa ndio unamnyima hamu ya kula. Hii sindano inazuia ugonjwa, lakini inamaliza misuli na kuleta mafuta. Kilo zinabaki zile zile, nguvu ndiyo inaenda. Na bila nguvu, matibabu yatamlemea."

Mama akamshika mzee kwapani, akamwinua polepole.

"Afadhali ingekuwa mwanamke," akasema. "Huyo ningejua venye nitamfukuza."