Chungu Kilichotoa Jasho

Katika miaka sabini na tisa ya maisha yake huko Gers, kusini mwa Ufaransa, Léontine Dubosc hakuwahi kuona upumbavu uliopangwa vizuri kama sebule ya mkwewe Maylis. Vyungu vikuukuu kila mahali! Vya haradali, vya siki, vya kunyweshea kuku, vimepangwa juu ya kabati kama watakatifu kanisani. Kimoja, kilichokaa katikati ya meza kimejaa zabibu, Léontine alikitambua mara moja: wazee walikuwa wakikiweka chini ya kitanda, wakikikojolea. Alikataa tu kula zabibu.

Lakini Jumanne moja ya Novemba alirudi kutoka sokoni akakuta shimo tupu kwenye mchanga wa ghala lake la chini. Chungu cha marehemu mama yake, alichokuwa akijaza mapaja ya bata na kuyafunika kwa mafuta kila mwaka ili yasioze, hakipo. Na bata kumi na wawili walikuwa wa kuchinjwa Jumatatu.

Akavuka ua kwa hasira. Chungu kilikuwa kando ya meko ya sebuleni, kimesuguliwa, kimechomekwa maua makavu.

"Usikasirike, mama," alisema Maylis. "Mwanao Firmin ndiye aliyekibeba. Kitu kizuri hivi kufukiwa gizani!"

"Hicho ni cha nyama."

"Nitakununulia chupa za kioo. Hebu ona hii nusu ya chini, fundi hakuipaka rangi makusudi. Huo ndio urembo wa kale."

"Fundi alikuwa bahili, binti. Nani apake rangi sehemu inayokaa mchangani?"

Maylis akatabasamu kama anayemwonea mtoto huruma. "Jumapili nina wageni kutoka Bordeaux. Lazima wakione."

Léontine akautazama moto. Akakitazama chungu. Udongo ule usiopakwa rangi ulikuwa umenyonya mafuta ya bata kwa miaka themanini.

"Haya," akasema. "Wakione."

Jumapili meko iliwashwa tangu asubuhi. Kabla ya jibini kuletwa, mgeni mmoja akaanza kunusanusa.

"Samahani, kuna panya amekufa humu?"

Nusu ya chini ya chungu ilikuwa ikitoa jasho jeusi lililochacha, nalo lilitambaa polepole kwenye zulia jeupe.

"Ni urembo wa kale," alisema Léontine, akijimiminia divai.

"Firmin, kitoe!" Maylis alipiga kelele, pua ameiziba kwa kitambaa cha meza. "Kirudishe kwa mama yako!"

Firmin akakikumbatia chungu, shati likamlowa mafuta.

"Maua uyatoe kwanza, mwanangu," alisema Léontine. "Yatanuka kwenye nyama yangu."