Jicho la Ndege wa Foronya

Mimi kitambaa cha kudarizi siangalii mbele. Ukinipa nitakigeuza kwanza nione mgongo wake, ndipo nikwambie kama ni kizuri. Mabinti wa siku hizi hawapendi. Mmoja alininyang'anya cha kwake mlangoni mwa kanisa akasema, "Bibi, maua yako huku!" Nikamwambia maua nitayaona baadaye. Akanuna, na mimi nikanuna, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Tabia hiyo niliipata hapa hapa Mbozi, enzi za Mwingereza, kwa mke wa mmisionari wetu. Kila Alhamisi mchana, wanawake kama kumi tulikuwa tukiacha palizi ya kahawa mapema, tunaosha miguu, tunakwenda kuketi barazani kwake, kila mmoja na kipande chake cha amerikani, kitambaa kile cha pamba. Yule mama alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa fundo. Ukianza uzi, ulikuwa huruhusiwi kupiga fundo. Unaacha ncha fupi nyuma ya kitambaa, halafu mishono inayofuata inaifunika. Ukimaliza, unapitisha uzi chini ya mishono iliyokwisha, unakata. Basi. Akigeuza akakuta fundo, mkasi! Anakata pale pale, kazi ya wiki nzima inafumuka, na machozi ni yako mwenyewe.

Nililia mara mbili. Mara ya tatu aligeuza, akapapasa kwa kidole, akanirudishia bila neno. Jamani, nilirudi nyumbani karibu nakimbia.

Sikuwa fundi wa kulipwa, na sikutaka kuwa. Nilikuwa naipenda tu kazi yenyewe, na niliipenda kupita kiasi. Nilidarizi vitambaa vya meza wakati meza hatukuwa nayo. Mama mkwe alipokuta maharage yameungua alisema, "Haya, leo tutakula maua." Nilicheka, lakini sikuweka sindano chini.

Mume wangu hakunisema hata siku moja. Alikuwa mtu wa utani, mrefu, mwenye vidole vinene vya jembe, na tangu nilipoleta kitambaa cha kwanza nyumbani hakuniita jina langu tena, aliniita fundi. Jua likikaribia kuzama alikuwa anatoka shambani, ananawa, anavuta kigoda karibu yangu mlangoni, ananishikia nyuzi. Aliuliza maswali kama mtoto. "Sasa hiyo ncha imekwenda wapi?" Namwonyesha. "Na hapo umegeukaje?" Namwonyesha. Nilidhani anapoteza muda akisubiri chakula. Ndivyo nilivyodhani, na nitakufa najilaumu kwa hilo.

Siku hizo wanaume wa huku walikuwa wanavuka mpaka wa Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na kikohozi, na wengine hawakurudi. Hao wa mwisho ndio waliozungumzwa sana barazani siku za Alhamisi. Fulani ameoa huko. Fulani ana watoto wawili huko, wanaongea Kibemba tupu. Mke wake yupo, anapalilia. Tulikuwa tunasema hivyo huku tukichoma sindano, na kila mmoja anamfikiria wa kwake.

Wa kwangu naye akajiandikisha. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa ndoa, nyumba yetu ya nyasi ilivuja, na yeye alitaka bati. Nililia, kisha nikakaa chini nikadarizi foronya mbili. Kila moja ilikuwa na njiwa mmoja wa bluu, na ukizilaza kitandani bega kwa bega njiwa wanatazamana. Yangu niliimaliza. Ya kwake niliimaliza mabawa, mkia, hata kucha, nikaacha jicho.

"Fundi, huyu atanionaje?" aliniuliza.

"Hatakuona. Jicho nitalitia ukirudi."

"Kumbe umenifunga!"

"Ndiyo. Nimekufunga."

Alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi alikunja foronya ile ndani ya blanketi lake, akaondoka na lori kutokea Nanyala.

Alikaa misimu miwili ya kahawa. Habari zilikuja mara chache, kwa mdomo, kupitia wenzake waliorudi. Mmoja alileta habari kwamba jiwe limemwangukia mguuni, kwamba amelazwa hospitali ya mgodi muda mrefu, lakini anaendelea vizuri. Nilitaka kujua zaidi, hakuwa na zaidi.

Aliporudi, alirudi akichechemea. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, majirani wakajaa, na mimi nilisimama pale kwa furaha, sijui mikono niiweke wapi. Watu walipotawanyika alinipa furushi lake. "Fungua, fundi," akasema, akakaa kwenye kigoda chake akinitazama usoni.

Nikafungua. Nikaikunjua foronya. Njiwa alikuwa na jicho.

Lilikuwa jicho jekundu, dogo, la mviringo, uzi umezungushwa kwenye sindano mara mbili na kurudishwa jirani kabisa na pale ulipotokea, kama tulivyofundishwa. Uzi haukuwa wangu. Ulikuwa wa sufu, mwekundu wa kuiva sana. Na mimi nikafanya kama nifanyavyo siku zote, nikageuza. Nyuma palikuwa safi. Hakuna fundo. Ncha ilikuwa imefichwa chini ya mishono yangu mwenyewe, vizuri kabisa.

Huyo alikuwa mwanamke aliyefundishwa. Ng'ambo nako kuna misheni, kuna akina mama wa sindano kama sisi. Mmoja alikuwa amekaa na mto wa mume wangu mapajani, akaona pengo, akalijaza. Jicho langu! Wala sikuwaza jambo jingine lolote. Kwangu mgongo wa kitambaa haudanganyi, na huo ulikuwa umeshaniambia kila kitu.

"Umemwona ndege?" aliuliza.

"Nimemwona."

Akasubiri. Mimi nikainuka nikaenda kuchochea moto.

Mungu wangu, kama ningeuliza. Neno moja tu, nani? Lakini mimi nina hasira za kimya, ndiyo mbaya zaidi. Nikiumia sipigi kelele, nafunga mdomo, na kuufungua tena ni kazi. Niliona kuuliza ni kujidhalilisha. Nilitaka aanze yeye, akiri, aombe radhi.

Kesho yake mchana, yeye akiwa shambani na mama yake, nilichukua pini nikalifumua lile jicho. Lilikuwa limekazwa kweli, lilinichukua muda. Uzi niliutupa motoni, nikausikia unanuka kama nywele ukiungua. Foronya nikaivalisha mto, nikaulaza mahali pake kitandani, njiwa juu, apate kumwona.

Alirudi mguu ukimuuma, akaingia ndani kujinyoosha. Mimi nilikuwa nje nachambua mboga. Alitoka baada ya muda mfupi, akasimama mlangoni.

"Umelifumua."

"Ndiyo. Si kazi ya mkono wangu."

Alinitazama. Nakumbuka uso ule kuliko uso wake mwingine wowote, na nilikuwa naye siku nyingi tu za kucheka. Akasema, "Haya." Hakuongeza fundi. Hakuniita fundi tena.

Alikaa nyumbani miezi mitatu, akaezeka bati, akasaidia kuchuma kahawa. Tulizungumza habari za chumvi na jembe. Jioni kigoda alikihamishia upande wa mama yake, na mimi nilidarizi peke yangu, nyuzi nimezishika kwa meno. Mama mkwe aliniuliza mara moja, "Mmegombana nini?" Nikamwambia hatujagombana. Na kweli, hatukuwa tumegombana.

Lori la kuandikisha lilipokuja tena, akapanda. Wakubwa waliuona mguu wake wakasema unafaa. Sikumshonea kitu. Alichukua mto wake bila foronya, akaufunga kwa kamba. Nilikwenda mpaka Nanyala kwa sababu watu wangesema nisipokwenda. Alishika ubavu wa lori, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema, na mimi nikageukia upande wa mashamba. Nikasikia lori linaondoka.

Msimu uliofuata mchungaji alikuja nyumbani siku ya kazi, mchana, na nilipomwona amevua kofia tangu kwenye mibuni nilijua. Mgodi ulikuwa umeporomoka. Walikuwa wamemzika huko huko.

Mama mkwe alianguka chini. Mimi nililia kama inavyopasa mjane alie, lakini, nisameheni, ndani nilikuwa na kijiwe cha chuki. Nilikuwa nawaza kwamba yuko mwanamke mwingine ng'ambo naye analia, na yeye ndiye aliyefika kaburini.

Baada ya mavuno alikuja mwanamume wa Msangano, aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu tangu safari ya kwanza. Alileta sanduku la bati la marehemu. Alikuwa na adabu za ng'ambo, mara nyingi anamalizia sentensi na "mukwai", neno la heshima la huko, hata kwa mama mkwe asiyejua maana yake. Tulimpa uji, akanywa, akanisogezea sanduku.

Ndani mlikuwa na shati, wembe, Agano Jipya, na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Nikakikunjua. Kilikuwa kipande cha shuka, na kilikuwa kimejaa macho.

Macho mekundu ya sufu, safu kwa safu. Ya juu yalikuwa mabaya, makubwa, mengine yamechanika na kuacha tundu. Kadiri yalivyoshuka yalipungua ukubwa, yakawa mviringo. Mkono wangu ukageuza kabla sijauambia. Nyuma ya safu ya kwanza palikuwa na mafundo, mafundo tu, na kila fundo limekatwa kwa wembe. Safu ya pili, mafundo machache. Safu ya mwisho palikuwa safi.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

"Loo, shemeji, si ile kazi yake ya hospitali!" alisema huku akitabasamu. "Tulilala vitanda jirani. Mguu umefungwa, mtu hawezi kutoka, akaomba sindano kwa mganga msaidizi. Uzi alikuwa anauchomoa kwenye blanketi la hospitali, lile jekundu, mpaka wakamgombeza. Tulimcheka sana, mwanaume mzima anashona macho! Akasema ana ndege wake kwenye foronya, lazima aone njia, maana yeye sasa anarudi nyumbani. Nikamwambia, basi litie tu, yaishe. Akasema hapana, mke wangu hugeuza nyuma kwanza. Nyuma pasipokuwa safi atanikata kwa mkasi."

Akacheka.

"Alisemaje," nikauliza, "aliporudi huko mara ya pili?"

Sasa akaacha kucheka. Aliangalia bakuli la uji. "Nilimuuliza, mukwai. Nilimwambia, haya, fundi wako kasemaje? Akasema, hakulipenda. Amelifumua."

Hakulipenda. Hilo ndilo alilokwenda nalo chini ya ardhi. Vidole vile vya jembe vilikaa kitandani wiki ngapi sijui, vikakata mafundo yake vyenyewe kwa sababu mimi sikuwepo kuyakata, vikafika mahali ambapo mimi mwenyewe nilifika kwa machozi mara mbili. Na mimi nikageuza, nikapaona safi, nikamhukumu kwa usafi ule ule. Angeacha fundo moja tu, moja tu la ovyo, ningejua ni yeye.

Yule mtu wa Msangano alilala kwetu siku mbili, akamtengenezea mama mkwe paa lililolegea, akaenda zake. Sijamwona tena.

Foronya ninayo. Nimeifua mara nyingi, bluu imepauka, na pale penye jicho kuna matundu mawili yaliyokaribiana ambayo hayajazibika, kwa jinsi alivyokuwa amelikaza. Kwenye kile kipande cha shuka, pembeni, aliacha sindano imechomekwa ikiwa na uzi wake mwekundu, urefu wa kiganja, unatosha jicho moja. Naitoa siku nyingine, nakaa nayo mlangoni kabla jua halijazama, naweka kigoda cha pili. Naielekeza sindano kwenye tundu. Kisha nairudisha, kwa kuwa jicho lile nilishatiliwa naye, mimi mwenyewe nikalichoma moto, na nililoahidi kulitia, nililiahidi akirudi.